Thamani ya Mawimbi Yasiyoonekana

Mali za taifa zilizo nyingi huonekana kwa macho. Ardhi huonekana, misitu huonekana, na samaki wa ziwani huonekana. Na mtu akitaka kujua thamani yake huweza kwenda kutazama, akapima, akawauliza majirani bei waliyouziana mwaka uliopita. Lakini kuna mali moja ya taifa ambayo haionekani, haishikiki, haina harufu wala uzito, nayo imekwisha kuuzwa kwa fedha nyingi kuliko migodi mingi ya dunia. Mali hiyo ni mawimbi ya redio, ambayo juu yake husafiri sauti, barua na picha za simu za mkononi.

Kila wimbi lina kipimo chake, yaani idadi ya mitikisiko yake katika sekunde moja, na vipimo hivyo huitwa masafa. Masafa ya simu huhesabiwa kwa megahezi, na megahezi moja ni mitikisiko milioni moja. Watu wawili wakitumia masafa yale yale mahali pale pale, maneno yao huchanganyika kama ngoma mbili zipigwazo katika uwanja mmoja, asisikie mchezaji wa hii wala wa ile. Kwa hiyo serikali huyakata masafa mafungu mafungu, kama afisa wa ardhi akatavyo viwanja, ikampa kila mwenye kampuni fungu lake kwa leseni ya miaka 15 au 20. Hapo ndipo lijapo swali lililowatoa jasho mawaziri na wataalamu wa mataifa makubwa: fungu hilo lina thamani gani? Hakuna jirani wa kuulizwa. Muuzaji ni mmoja, wanunuzi ni wachache, na bidhaa yenyewe hufika sokoni mara moja tu katika muda wa kizazi.

Zamani swali hilo halikuulizwa. Marconi alipopeleka ishara kuvuka bahari ya Atlantiki mwezi wa Desemba 1901, mawimbi yalikuwa kama hewa, kila mtu akajichukulia. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, Marekani ilitunga sheria ya redio mwaka huo huo; na baada ya vituo vya redio kuzidi na kuanza kuzibana sauti, sheria nyingine ilitungwa mwaka 1927. Tangu hapo serikali ilimpa leseni yule iliyemdhania kuwa anastahili, pasipo kumtoza thamani ya mawimbi yenyewe. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa sheria wa Chicago, Leo Herzel, aliandika kwamba ingefaa leseni ziuzwe kwa mnada. Ronald Coase, mwanauchumi aliyezaliwa Uingereza, alilichukua wazo hilo akalitengeneza vizuri mwaka 1959. Alisema ya kuwa uhaba wa mawimbi si jambo la ajabu, kwani ardhi nayo ni haba, na vibarua ni haba, na vitu vyote hivyo hugawanywa kwa bei. Alipokwenda kuyaeleza hayo mbele ya tume ya mawasiliano ya Marekani, mmoja wa makamishna alimwuliza kama alikuwa anawafanyia mzaha. Coase alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1991, wakati ambapo mzaha ule ulikuwa umeanza kuwa sheria katika nchi za watu.

Kabla ya mnada, Marekani ilijaribu bahati nasibu. Simu za mkononi zilipoanza, waombaji walikuwa wengi mno hata tume ikashindwa kuwapima mmoja mmoja. Basi katika miaka ya 1980 leseni zikapigiwa kura kama tikiti. Maombi karibu 400,000 yalimiminika, mengi kutoka kwa watu wasiojua simu wala waya. Mwaka 1989 kikundi kimoja kisichojulikana kilishinda leseni ya Cape Cod, peninsula ndogo ya wavuvi na watalii, nacho hakikuchelewa kuiuza kwa kampuni ya Southwestern Bell kwa dola milioni 41. Bei hiyo ilikuwa ya kweli, ilitolewa na mnunuzi wa kweli; tofauti ni kwamba haikuingia katika hazina ya taifa bali katika mifuko ya wenye bahati.

New Zealand ndiyo iliyotangulia kuuza, mwaka 1990. Washauri wa serikali walikisia ya kuwa leseni zingeleta dola za huko milioni 240. Kanuni iliyofuatwa ilikuwa na hekima yake katika vitabu: kila mtu alete bei yake katika bahasha, mwenye bei kubwa apate leseni, lakini alipe bei ya yule aliyemfuata. Wanunuzi walikuwa wachache, wala hapakuwekwa bei ya chini kabisa. Bahasha zilipofunguliwa, kampuni moja iliyokuwa tayari kutoa dola 100,000 ililipa dola 6. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliomba leseni ya televisheni ya mji mdogo kwa dola 1. Na kwa kuwa hakuna aliyemfuata, aliipata bure. Jumla iliyopatikana ilikuwa milioni 36. Nadhani wananchi wa New Zealand wangaliweza kustahimili hasara hiyo, lakini hawakuweza kustahimili kuchekwa, maana kila mtu sasa aliona kwa macho yake tofauti ya kile mnunuzi alichokuwa radhi kukitoa na kile alichokitoa.

Marekani ikajifunza kwa makosa ya mwenzake. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu mnada, na wanauchumi, wakiwamo Paul Milgrom na Robert Wilson ambao walipata Nobel mwaka 2020, walibuni mnada wa kupandisha. Katika mnada huo leseni zote huuzwa kwa pamoja, raundi baada ya raundi, bei zikitangazwa hadharani, wala haufungwi mpaka hakuna hata mtu mmoja anayeongeza. Faida yake ni kwamba kila mnunuzi huona wenzake wanavyokisia, akasahihisha makisio yake. Kati ya Desemba 1994 na Machi 1995 leseni 99 zilileta kama dola bilioni 7. Wakati huo ilionekana kwamba sasa thamani ya mawimbi imejulikana, lakini haikuwa hivyo. Mwaka 1996 kampuni changa ya NextWave iliahidi dola bilioni 4.7, ikalipa sehemu ya kumi tu, kisha ikafilisika mwaka 1998. Kesi yake iliendelea mahakamani mpaka mwaka 2003, na katika muda huo mawimbi yale yalilala. Aprili 1997 uliitishwa mnada mwingine, na fedha zilizotazamiwa kutoka humo zilikuwa dola bilioni 1.8. Zilizopatikana zilikuwa dola milioni 13.6, na baadhi ya leseni za miji mikubwa ziliondoka kwa dola 1.

Hapa msomaji atauliza, je, wakadiriaji hawa hupigaje hesabu zao hata wakosee namna hiyo? Njia ziko mbili zilizo kuu. Ya kwanza ni ya kulinganisha. Huchukuliwa bei iliyolipwa katika nchi nyingine, ikagawanywa kwa idadi ya watu wa nchi hiyo, kisha kwa idadi ya megahezi. Na tarakimu ipatikanayo huchukuliwa kama bei ya kitambaa kwa mita. Tuone mfano wa karibu. Kenya ilipotoa leseni ya pili ya simu za mkononi mwaka 2000 kwa KenCell, kampuni ambayo sasa ni Airtel, bei ilikuwa dola milioni 55. Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7, basi kila kichwa kilikuwa kama dola 1 na senti 90. Mwezi wa Januari 2001 Nigeria ilinadi leseni zake, kila moja ikafika dola milioni 285. Nasi tukiwakadiria watu wake wa siku zile kuwa milioni 120, kila kichwa kilifika kama dola 2 na senti 40. Hesabu hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio hatari yake, kwa kuwa haisemi kama watu hao wana fedha za kupiga simu, wala kama wanakaa mjini au wametawanyika jangwani. Haisemi vilevile ni kampuni ngapi zilizokaa mezani siku ya mnada. Huko Nigeria, mmoja wa washindi hakulipa kwa wakati, akapoteza leseni pamoja na amana yake ya dola milioni 20.

Njia ya pili ni ya kukisia faida. Mkadiriaji huuliza: kampuni ikiwa na mawimbi haya itapata nini kwa miaka 20, na isipokuwa nayo itapata nini? Tofauti ya hayo mawili ndiyo thamani. Hapo huingia hata umbo la mawimbi yenyewe. Mawimbi ya masafa ya chini huenda mbali na kupenya kuta. Ya juu hubeba mengi lakini huchoka upesi. Tuseme kampuni ingehitaji minara 1,000 kwa masafa ya juu ili kuifunika wilaya fulani, na minara 600 tu kwa masafa ya chini. Basi gharama ya minara 400 iliyookolewa ni sehemu ya thamani ya masafa ya chini. Mpaka hapo hesabu ni ya fundi. Shida ni kwamba faida yenyewe haijaja, na shilingi ya kesho si sawa na shilingi ya leo. Mtu atakayepokea shilingi 100 kila mwaka kwa miaka 20, akizikata kwa kiwango cha asilimia 10, haki yake leo ni kama shilingi 851. Akizikata kwa asilimia 15 ni kama 626. Zaidi ya robo ya thamani imeondoka, wala hakuna mnara uliobomolewa wala mteja aliyekimbia. Kilichobadilika ni maoni ya mkadiriaji juu ya hatari.

Namna matumaini yanavyoweza kupanda yalionekana Uingereza mwaka 2000. Leseni tano za simu za kizazi cha tatu zilinadiwa kuanzia tarehe 6 Machi, siku nne kabla ya hisa za kampuni za teknolojia kufika kilele chao katika soko la Nasdaq. Bei za kuanzia kwa leseni zote tano zilijumlika pauni milioni 500. Wanunuzi 13 waliingia. Na baada ya raundi 150, tarehe 27 Aprili, jumla ilikuwa pauni bilioni 22.5, yaani karibu pauni 380 kwa kila mtu nchini humo, mzee na mtoto mchanga. Mwezi wa Agosti Ujerumani ilipata zaidi ya euro bilioni 50. Lakini Uswisi ilipokaribia kunadi leseni zake nne mwishoni mwa mwaka, wanunuzi waliosalia walikuwa wanne. Kila mmoja alikwisha kujua kwamba hatakosa, na leseni zikauzwa kwa bei ya kuanzia au juu yake kidogo. Kwa kila mtu, Uswisi ilipata kama euro 20 mahali Uingereza ilipopata kama euro 650. Mawimbi yalikuwa yale yale, simu zile zile, na Waswisi si maskini. Huko Ujerumani, kampuni mbili kati ya sita zilizoshinda ziliacha kazi kabla ya kuenea nchini. Wahandisi wa mafuta wa Marekani walikuwa wameandika juu ya jambo hilo tangu mwaka 1971: wengi wakikisia thamani ya kitu kisichojulikana, ashindaye aghalabu ni yule aliyekisia kupita kiasi.

Hata hivyo, katika nchi hizo kosa lilikuwa la wafanya biashara, nao walilipa kwa fedha zao. India ndiko ambako hesabu ya thamani ya mawimbi ilitikisa serikali nzima. Mwaka 2008 waziri wa mawasiliano aligawa leseni 122 za simu kwa bei iliyokuwa imewekwa mwaka 2001, yaani rupia bilioni 16.58 kwa leseni ya nchi nzima. Mnada haukufanywa, mamlaka yenye kusimamia simu yalikuwa yameshauri mwaka 2007 kwamba mawimbi ya namna hiyo yasinadiwe, ili simu ziwe rahisi kwa watu. Lakini namna ya kugawa ilikuwa ya ajabu. Tarehe ya mwisho ya maombi ilirudishwa nyuma baada ya watu kwisha kuomba. Halafu tarehe 10 Januari 2008, baada ya saa nane mchana, tangazo lilitolewa kwamba waombaji wafike kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu jioni ile ile, wakiwa na hundi za benki za mabilioni ya rupia. Kulikuwa na waliofika na hundi tayari mkononi. Hundi ya namna hiyo haiandikwi kwa saa moja, na sihitaji kumwambia msomaji watu walifikiri nini.

Haukupita muda mrefu, kampuni moja ya majenzi, ambayo haikuwa na mteja hata mmoja wa simu, iliwauzia Telenor wa Norwe zaidi ya nusu ya hisa za kampuni yake mpya kwa rupia zipatazo bilioni 61. Wengine walisema ni wizi uliodhihirika. Wengine walijibu kwamba fedha hizo hazikuingia mfukoni mwa mtu bali zilikwenda kujenga minara. Mwaka 2010 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa taarifa yake. Alijaribu njia kadhaa, na kila njia ilimpa jibu lake, tangu rupia bilioni 576 hadi bilioni 1,766. Sisi Waswahili tulipokea neno laki kutoka kwa Wahindi, lakini kwa tarakimu hiyo ya mwisho hata wao walihitaji kuhesabu laki juu ya laki. Ndiyo iliyochukuliwa na magazeti, nayo ilitokana na kuipachika juu ya leseni za mwaka 2008 bei ya mnada wa kizazi cha tatu wa mwaka 2010, mnada uliochukua siku 34 na kuleta rupia bilioni 677. Wapelelezi wa serikali, wakiandaa mashtaka, walipata hasara ya bilioni 310. Januari 2011 waziri mwingine alisimama akasema hapakuwa na hasara yo yote, maana nia ya serikali haikuwa kupata fedha. Bilioni 1,766, bilioni 310, na sifuri: mali moja, mwaka mmoja, nchi moja.

Binafsi naona hesabu kubwa ya mkaguzi ilikuwa na kasoro, kwa kuwa ilipima jana kwa mizani ya leo; mwaka 2008 hapakuwa na mtu aliyejua bei ya mwaka 2010. Lakini sifuri ya waziri ilikuwa mbovu zaidi. Kitu kinachopiganiwa na mamia ya waombaji, na kuwafanya watu waandae hundi kabla ya tangazo, hakiwezi kuwa hakina thamani.

Tarehe 2 Februari 2012 Mahakama ya Juu ya India ilizifuta leseni zote 122 na kuamuru mawimbi yanadiwe. Sasa basi, ilikuwa nafasi ya kuijua thamani ya kweli. Serikali, ikiongozwa na tarakimu zile kubwa zilizokuwa zimeujaza moyo wa nchi, iliweka bei ya kuanzia ya rupia bilioni 140 kwa megahezi 5 za nchi nzima, ikatazamia kukusanya bilioni 280. Mnada wa Novemba 2012 ulikwisha kwa siku mbili. Zilipatikana bilioni 94. Kwa Delhi na Mumbai, miji yenye fedha kuliko yote, hakuna aliyetoa hata rupia moja. Bei zilipopunguzwa, na kampuni kubwa zilipoona leseni zao za zamani zakaribia kwisha, wanunuzi walirudi. Mnada wa Februari 2014 uliingiza bilioni 611. Ama waziri aliyegawa leseni na wenzake walioshitakiwa, mahakama maalumu iliwaachia huru wote tarehe 21 Desemba 2017, ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Na upande wa mashtaka ukakata rufani.

Hasara ya kuuza rahisi ina mtu wa kuipigia kelele. Mkaguzi huiandika, magazeti huichapa, na wananchi huuliza fedha zao ziko wapi. Hasara ya kudai ghali haina msemaji. Wimbi lisilotumiwa leo haliwekwi ghalani likatumiwa kesho. Ni kama kiti kitupu katika basi lililokwisha kuondoka. Yule mwanakijiji ambaye angaliweza kupata simu nzuri, asiipate kwa sababu mawimbi yamefungiwa yakingoja bei, hajui hata kwamba amekosa kitu, wala jina lake halimo katika daftari lo lote.

Katika mnada wa mwaka 2016 India ilitoa sokoni masafa ya megahezi 700, yale yaendayo mbali na kupenya kuta, ambayo yafaa sana mashambani kwa kuwa hutaka minara michache. Bei ya kuanzia ilikuwa rupia bilioni 114.85 kwa kila megahezi, nchi nzima. Hakuna aliyeyachukua. Mwaka 2021 yalirudishwa kwa bilioni 65.68, hakuna aliyeyachukua. Mwaka 2022 bei ilishushwa tena mpaka bilioni 39.27, na kampuni moja, Reliance Jio, ikanunua megahezi 10, baada ya mawimbi yale kukaa kimya kwa miaka sita juu ya vichwa vya watu zaidi ya bilioni moja.